Tuligawana mtoto wiki kwa wiki, daftari likakosa mwenyewe. Walioachana wenye watoto shuleni, karibuni

Mchuuzi wa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu dagaa: nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nafunga magunia, nasafirisha. Nina watoto wawili na mtalaka wangu. Wa kwanza wa kiume, mwaka huu yupo darasa la nne. Wa pili binti, ndiyo kaanza la kwanza. Sijaja kumsema mama yao, kwa hiyo wale wa kuuliza nani alimkosea nani, mlango huo nimeshaufunga. Nimekuja kwa ajili ya shule tu.

Tuliachana mwishoni mwa 2021. Tukapita baraza la usuluhishi, likashindwa, tukaishia mahakama ya mwanzo. Malezi akapewa mama, mimi matunzo na ruhusa ya kuwaona. Mama akarudi kwao Ujiji, mimi nikabaki Mwanga. Kwa daladala hapo ni pua na mdomo, basi sisi wenyewe tukakubaliana kitu tulichoona cha kiungwana: wiki moja kwangu, wiki moja kwa mama. Wazee wa pande zote mbili walitusifu, wakasema wangeachana wote hivi dunia ingetulia.

Sasa niwaeleze huo uungwana ulivyokuwa kwa dogo. Jumapili jioni anashuka kwenye bodaboda na begi mgongoni na kiroba mkononi. Ndani ya kiroba kaptula ya buluu, ndala, mswaki, na kitu chochote alichokumbuka mwenyewe. Jumatatu alfajiri natafuta shati jeupe, kumbe limebaki Ujiji kwenye kamba. Nampigia bibi yake, analikunja, anampa bodaboda, linafika limelowa umande. Nimelipa nauli ya shati peke yake zaidi ya mara tano.

Hilo dogo. Mwezi wa tisa 2023 nilikuwa natafuta karatasi ya kufungia risiti, nikashika daftari lake la Hisabati. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Hajafanya kazi ya nyumbani. Mzazi asaini." Chini yake mstari mtupu. Nikafunua mbele: "Mzazi asaini." Mtupu. Mbele tena, mtupu. Nikahesabu mistari tisa. Kwenye wa mwisho mwalimu alishachoka, kaandika tu "Mzazi??"

Nikampigia mama yao nikiwa nawaka. Nikamwaga yote. Alinisikiliza mpaka nikaisha pumzi, kisha akasema, "Baba watoto, nisomee tarehe." Nikamsomea moja moja. Akaniambia chukua kalenda uangalie hizo ni wiki za nani.

Tano zangu. Nne zake.

Wakuu, kila mmoja alikuwa analala usingizi akijua mwenzake ndiye anayekagua madaftari. Na dogo alishatusoma zamani. Kwangu akiulizwa, daftari lipo kwa mama. Kwa mama, lipo kwa baba. Na lipo humo humo kwenye begi, chini ya sweta.

Januari 2024 mama yao akapata kazi Tabora, akapanga Kanyenye, akaondoka na watoto wote. Niliumia, sitaficha. Nikaanza mashindano ya kijinga: kila likizo fupi nataka waje. Ile ya mwezi wa tatu nikamchelewesha dogo siku nne kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaoa, akakosa mtihani wa wiki. Na kumrudisha, nikamkabidhi kwa konda wa basi. Ana miaka tisa. Basi likaharibika mbele ya Uvinza, simu ya konda ikazima chaji, na mama yake amekaa stendi ya Tabora toka saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku hajui mtoto yuko wapi. Mtoto mwenyewe alifika anacheka, kalishwa mahindi ya kuchoma na abiria. Mama yake hakunisemesha wiki mbili.

Baada ya hapo tukakaa kwa simu, usiku mmoja mzima, tukapanga upya. Muhula wote watoto wako Tabora, nyumba moja, kitanda kimoja, kamba moja ya kuanikia. Likizo ya Juni na ya Desemba kwangu, na wanarudi wiki nzima kabla ya kufungua. Mimi nikaomba nipewe kazi, nisiwe baba wa likizo tu. Nikapewa Hisabati. Kila siku ya shule saa moja na nusu usiku napiga simu, dogo anasoma maswali, anakokotoa kwa sauti, mama anapiga picha ukurasa ananitumia. Mama kabaki na masomo mengine yote, kwa hiyo msinipigie makofi.

Dogo kapanda. Siyo wa kwanza, lakini kapanda.

Swali langu ni hili. Wiki iliyopita kaniambia kwenye simu, kwa sauti ya chini mama asisikie: "Baba, mwakani nataka nisome huko kwako." Mwezi wa kumi ana upimaji wa taifa wa darasa la nne. Nimchukue? Nimwambie mama yake au nisubiri? Mliopita hapa mnaambiaje?

Naweka Kambi

Nauli ya shati! 😂 Nimekaa mkeka, chai tangawizi pembeni. Endeleeni.

Mzee wa Gungu

Kijana, unajisumbua bure. Mtoto wa kiume akitimiza miaka saba ni wa baba, hilo linajulikana hata na sheria. Sisi Waha mtoto ni wa ukoo wa baba. Panda basi, kamchukue mwanao, mengine ni maneno ya mitandaoni.

Msaidizi wa Sheria

Mzee wangu shikamoo. Naomba nikusahihishe kwa adabu, maana hilo la miaka saba limeshawapandisha watu wengi mabasi na kuwashusha mahakamani.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa kwamba ni heri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Haisemi hata mahali pamoja kwamba akifika saba anageuka wa baba. Akivuka saba, kinachoangaliwa ni ustawi wake. Mila zinazingatiwa, ndiyo, matakwa ya wazazi yanazingatiwa, na ya mtoto pia kama umri wake unamruhusu kutoa mawazo yake mwenyewe. Lakini ustawi ndio wa kwanza. Tena kifungu hicho hicho kinaikumbusha mahakama ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha mikono.

Kuna kingine watu hawakisomi: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26. Wazazi wakiachana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla hamjaachana. Na ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, isipokuwa pale mpango huo unapoingilia masomo yake. Mleta uzi, soma tena hapo. Haki ya kutembelea ni ya dogo, siyo yako wala ya mama yake, na shule ndiyo mpaka wake. Ile harusi ya mdogo wako ilivuka mpaka.

Sasa kwako kuna amri ya mahakama iliyompa mama malezi. Ukienda kumchukua kimyakimya unavunja amri. Mkikubaliana, pitieni kwa afisa ustawi wa jamii, muandikishane, kisha mwende mahakamani amri ibadilishwe. Msipokubaliana, wewe ndiye unayepeleka maombi, na afisa ustawi ataandika taarifa baada ya kufika nyumba zote mbili. Atauliza nani yupo nyumbani saa moja usiku.

Mzee wa Gungu

Marahaba. Sheria za vitabuni hizo. Ila la harusi nakubali, harusi haina mtihani.

Dada wa Ng'ambo

Mimi bado nipo kwenye basi. Kaka, unamkabidhi mtoto wa miaka tisa kwa konda kama gunia la dagaa? Gunia lenyewe unaliandika jina na namba ya simu! Kilomita zaidi ya 400! Ningekuwa mimi huyo mama, hizo wiki mbili zingekuwa miezi miwili.

Mchuuzi wa Kibirizi

Dada, nipige tu, nimestahili. Sasa hivi nawafuata mwenyewe au anawaleta yeye, tunakutana Nguruka, kila mtu anarudi kwake. Yeye anakuja na begi, mimi na mfuko wa dagaa. Tunakunywa soda pale stendi dakika kumi, watoto wanatuona tumekaa meza moja. Nilikuwa naona ni gharama ya bure, siku hizi sioni hivyo.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha shule ya msingi hapa Tabora mwaka wa kumi na nne. Nitasema ya darasani tu.

Mtoto wa darasa la nne aliyekwisha kusajiliwa kwa ajili ya upimaji, usimguse. Jina lake limeshaingia na shule yake. Kama ni kuhama, afanye mtihani wake, amalize Desemba, aanze la tano Januari na wenzake. Uhamisho unaanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka na anayokwenda, na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, iko kwenye mfumo, inamfuata. Nawaona wazazi wanaochukua mtoto Julai wakisema "karatasi zitafuata". Karatasi hazifuati. Mtoto anakaa dawati la mwisho mwezi mzima, hayupo kwenye orodha ya kule wala ya huku.

La pili. Wazazi mkiachana, njooni mtuambie. Hatuhitaji habari za ndani. Tunahitaji namba mbili za simu. Mimi nikiwa na namba ya baba peke yake, na baba yuko ziwani, mtoto akiugua tumbo saa nne asubuhi nafanyaje? Na mkutano wa wazazi, mkiweza njooni wote, msipoweza kaeni mbalimbali lakini sikieni neno moja. Nimeshawahi kurudia taarifa ya mtoto mmoja mara mbili, asubuhi kwa mama, mchana kwa baba, na kila mmoja akaniuliza "mwenzangu alisemaje?"

La tatu, msimfanye mtoto posta. "Mwambie baba yako hela ya rimu haijafika." Ada imefutwa, sawa, lakini daftari, sare na chakula cha mchana havijafutwa. Mtoto akipewa ujumbe wa hela asubuhi, siku hiyo hesabu haziingii. Namwona usoni kabla hajakaa.

Na hongera kwa Hisabati ya simu. Ila usimfanyie. Picha ikitoka na jibu la namba kubwa kubwa zilizonyooka, tunajua ni ya baba 😄

Mchuuzi wa Kibirizi

Mwalimu umenikamata. Mara mbili tu hiyo!

Umegusa hela, niseme kidogo maana na hili lilitugombanisha. Mahakama iliweka kiasi cha kila mwezi. Mimi pesa yangu haijui tarehe. Mwezi ukiwa mkubwa angani, taa za wavuvi hazivuti kitu, dagaa hakuna, mwalo mzima watu wanacheza bao. Halafu 2024 ziwa likafungwa uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Shule inafungua Julai, sare zimebana, na mimi sina hata gunia. Mama akaona nafanya kusudi. Mimi nikaona ananidai kama benki.

Tulichofanya: cha kila mwezi nikakipunguza kwa makubaliano, kiwe cha chakula tu, hicho hakikosi hata nikope. Mambo ya shule nayalipa mara mbili kwa mwaka, yote kwa mkupuo, wakati pesa ipo: Desemba kabla ya kufungua, na mwanzoni mwa Mei. Viatu nanunua namba moja zaidi. Tukaandika kwenye karatasi, tukapiga picha, kila mtu anayo.

Mkulima wa Urambo

Hilo la mara mbili kwa mwaka nalielewa mno. Sisi wa tumbaku pesa inakuja soko likifunguliwa, katikati ya mwaka, Januari mtu umelala chali. Mimi mtalaka wangu yuko Kasulu, watoto wanakaa kwa mama yangu hapa Urambo. Naona hapa mnahesabu wazazi wawili. Kwangu bibi ndiye anayejua nani hajaenda shule. Siku nilipompa bibi simu ya tochi na kumwandikia namba ya mama wa watoto kwa kalamu nyekundu nyuma yake, ugomvi wetu ulipungua nusu. Wanapigiana wao, mkwe na mkwe wa zamani. Mimi naambiwa matokeo.

Mama wa Kambo Isevya

Nimesoma yote, nimesubiri mtu aseme, hakuna. Mleta uzi, una mke mwingine?

Mchuuzi wa Kibirizi

Ninaye. Toka 2023.

Mama wa Kambo Isevya

Asante kwa ukweli. Sasa nikuulize, saa kumi na moja alfajiri wewe uko wapi?

Mchuuzi wa Kibirizi

Kibirizi, mwaloni.

Mama wa Kambo Isevya

Enhee. Kwa hiyo dogo "akisoma kwako", anayemwamsha ni yeye. Anayetafuta soksi ni yeye. Anayeitwa shule akipasua kioo ni yeye. Mimi nimelea wa mume wangu wawili kwa miaka sita, nawapenda, lakini mwaka wa kwanza niliambiwa wanakuja Jumamosi, wakaja Ijumaa. Hakuna aliyeniuliza. Nikiwakaripia naambiwa nawatesa, nikinyamaza naambiwa siwajali. Na mama yao alikuwa hana namba yangu, kila kitu kinapitia kwa baba, ambaye hajui hata sare inafuliwa siku gani.

Siku nilipompigia mwenyewe, nikamwambia "dada, mimi ndiye ninayefua hizi nguo, niambie huyu mdogo sabuni gani inamwasha", alikaa kimya, kisha akacheka. Tukaanzia hapo. Kwa hiyo kabla hujamwambia dogo neno lolote, zungumza na watu wazima wawili: mama yake, na mkeo. Na mkeo aruhusiwe kusema hapana.

Halafu binti yako je? Umemtaja mara moja tu toka juu. Kaka akienda Kigoma, yeye anabaki Tabora na nani wa kutembea naye shule?

Msaidizi wa Sheria

Mama umenitangulia. Sheria ya Mtoto nayo inataja hilo: katika kuamua mtoto akae wapi, mahakama inatakiwa kuangalia umuhimu wa ndugu kuwa pamoja, na mwendelezo wa malezi. Na maoni ya mtoto yanasikilizwa kama yametolewa kwa hiari yake. Mtoto anayenong'ona kwenye simu, kwanza mjue ananong'ona kwa nini.

Naweka Kambi

Chai imeisha, naongeza maji. Mleta uzi kapotelea wapi?

Mchuuzi wa Kibirizi

Nipo wakuu, siku tatu nilikuwa nashughulika na haya haya. Naleta mrejesho.

Nilianza na mke wangu. Kwa kweli sikuwa nimemuuliza, nilikuwa naona ni jambo la kumtaarifu. Alisema anakuja mtoto, siyo mgeni, lakini kama mimi nitaendelea kutoka saa kumi usiku basi niseme wazi kwamba analea yeye. Nimeelewa.

Kisha nikampigia mama yao. Nilitegemea moto. Akasema anajua. Dogo alishamwambia na yeye kitu hicho hicho kwa kugeuza: kwamba baba ndiye anayetaka arudi Kigoma. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza kucheka kitu kimoja toka 2021. Daftari lipo kwa mama, daftari lipo kwa baba, chini ya sweta.

Tukamweka kwenye simu ya sauti kubwa, sisi wote tupo. Tukamuuliza taratibu. Alizungukazunguka, TV ya kwangu ni kubwa, ziwa, bibi wa Ujiji. Dakika ishirini. Ndipo ikatoka: darasani wanamwita "Dagaa". Toka mwaka jana. Wakipita karibu wanaziba pua. Na kuna siku mimi nilimtumia mfuko wa dagaa apeleke kwa mwalimu kama zawadi, akautupa kwenye mti wa mwembe njiani, siku mbili hajala vizuri kwa kuogopa nitauliza mwalimu amefurahi.

Wakuu, mimi hiyo kazi ndiyo inayomvisha. Nilikaa kimya muda mrefu mpaka mama yake akauliza kama simu imekatika.

Mama kaenda shule kesho yake kuongea na mwalimu wa darasa. Mwalimu hakuwa anajua, kawaita wale watoto wanne, kaongea nao. Dogo anasema wawili wameacha. Wa tatu sasa anataka aletewe dagaa. Wa nne bado.

Tumekubaliana abaki, afanye upimaji wake, na mazungumzo ya la tano tutayafanya likizo ya Desemba tukiwa tumekaa wote, na dada yake akiwepo. Inawezekana bado atataka kuja. Sijui. Kaka mtu akija Ujiji siku hizi anamwamkia bibi "mwangaluka", bibi anamuuliza mjukuu wangu wameshakufanya Mnyamwezi? Sasa huyo ni wa wapi?

Mzee wa Gungu

Wa kwenu wote. Lakini huyo wa nne nipe jina lake 😄

Dada wa Ng'ambo

Mzee!! Kaka, umefanya vizuri. Ila Nguruka msiache.

Mwalimu wa Zamu

Yule wa nne atafutiwe dawati karibu na dogo, siyo mbali. Mwambie mwalimu wake nimesema. Na jana Hisabati ilikuwaje?

Mchuuzi wa Kibirizi

Jana ilikuwa kugawanya kwa njia ndefu. Kumi kakosa tatu. Mwalimu kaandika "Mzazi asaini", mama kasaini, kanitumia picha. Pembeni ya sahihi ya mama nikaona dogo kachora mstari mwingine kwa rula, mtupu. Nikamuuliza wa nini. Kasema wa kwangu, nitausaini tukikutana Nguruka. Mama yake kamwambia sahihi moja inatosha, mwalimu wake naye kamwambia inatosha. Hataki. Leo kachora mwingine.